Wilder Penfield: Tabibu aliyesaka chanzo cha kifafa ndani ya ubongo

Swali gumu kuliko yote kwa daktari anayetaka kutibu kifafa kwa upasuaji ni moja: mishtuko inaanzia sehemu gani ya ubongo? Akikata pasipohusika, mgonjwa hubaki na kifafa chake na pengine hupoteza usemi, nguvu za mkono au kumbukumbu. Wilder Penfield alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kulitafutia jibu swali hilo.

Penfield alizaliwa tarehe 26 Januari 1891 mjini Spokane, Marekani, akiwa mtoto wa daktari. Alisoma Princeton, kisha Oxford nchini Uingereza, ambako alifundishwa na Charles Sherrington, bingwa wa elimu ya mishipa ya fahamu. Machi 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, meli ya Sussex aliyokuwa akisafiria kwenda Ufaransa ilipigwa kombora na nyambizi ya Ujerumani. Aliumia mguu, lakini akanusurika. Mwaka 1918 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins.

Mwaka 1928 alikwenda Breslau, mji ambao leo ni Wrocław nchini Poland, kujifunza kwa Otfrid Foerster. Huko askari waliopata kifafa kutokana na majeraha ya kichwa walipasuliwa wakiwa macho, kwa ganzi ya kichwani tu, kwa kuwa ubongo wenyewe hauhisi maumivu.

Mwaka huohuo Penfield alihamia Montreal, Kanada. Mwezi Desemba alimpasua dada yake mwenyewe, Ruth, aliyeteswa na mishtuko kwa miaka mingi. Alikuta uvimbe mkubwa upande wa mbele wa ubongo, akauondoa kadiri alivyoweza. Ruth alipata nafuu, lakini kupanga mambo madogo, hata kuandaa chakula cha wageni, kukawa kazi nzito kwake. Uvimbe ulirudi, naye akafariki mwaka 1931. Msiba huo ulimzidishia Penfield ari ya kuanzisha taasisi ambamo wapasuaji na watafiti wangefanya kazi chini ya paa moja. Taasisi ya Neurolojia ya Montreal ilifunguliwa mwaka 1934 kwa msaada wa Wakfu wa Rockefeller.

Njia yake ya kwanza ilikuwa kumsikiliza mgonjwa. Aligusa uso wa ubongo kwa umeme hafifu na kuweka kikaratasi chenye namba kila palipotoa jibu. Kidole kilicheza, ulimi ukaganda, mwingine akasikia muziki. Mguso ulipoamsha dalili ambazo mgonjwa alizizoea kabla ya kuanguka, daktari alijua amekikaribia chanzo.

Njia ya pili ililetwa na Herbert Jasper, aliyejiunga naye mwishoni mwa miaka ya 1930. Huyu alipima mawimbi ya umeme ya ubongo kwa kipimo cha EEG, kwanza juu ya ngozi ya kichwa, kisha juu ya ubongo wenyewe wakati wa upasuaji. Kila njia ilikuwa na kasoro yake: mguso wa umeme ungeweza kusambaa hadi maeneo ya jirani, na mawimbi yangeweza kuonekana mbali na yalikoanzia. Kwa hiyo wawili hao walilinganisha matokeo kabla ya kukata. Mwaka 1954 walichapisha kitabu kikubwa kuhusu kifafa na kazi za sehemu za ubongo.

Hata hivyo, wagonjwa wachache waliopasuliwa nyuma ya panja la upande mmoja walipoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya. Penfield hakulificha jambo hilo. Alilichunguza pamoja na mwanasaikolojia Brenda Milner. Mmoja wao alipofariki, uchunguzi ulionyesha kuwa upande wa pili wa ubongo wake nao ulikuwa umeharibika tangu zamani. 

Penfield alifariki Montreal tarehe 5 Aprili 1976, akiwa na umri wa miaka 85, kabla picha za MRI hazijaingia hospitalini. Leo madaktari huweka picha hizo sambamba na za PET, na mawimbi ya EEG, na simulizi la mgonjwa mwenyewe. Vipimo vikikubaliana, matumaini ya upasuaji huongezeka. Vikipingana, kisu husubiri.