Edward Johnston na Herufi za Reli ya Chini ya Ardhi ya London

Msomaji hodari huzitazama herufi bila ya kuziona. Akili yake hukimbilia neno na maana yake. Ndiyo maana wabunifu wa maumbo ya herufi za chapa ni nadra kutajwa katika historia ya maandishi. Maisha ya Edward Johnston yanalidhihirisha jambo hilo, kwani herufi alizozichora zimewaongoza mamilioni ya abiria mjini London, ilhali wengi wao hawajapata kulisikia jina lake.

Johnston alizaliwa mwaka 1872 nchini Uruguay, kwa wazazi wenye asili ya Uskoti, akalelewa Uingereza. Alianza masomo ya utabibu katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, lakini aliyaacha kwa sababu ya udhaifu wa afya. Mwaka 1898 alikutana na msanifu majengo William Lethaby, ambaye alimhimiza achunguze miswada ya kale iliyohifadhiwa British Museum. Katika uchunguzi huo alibaini kwamba unene na wembamba wa mistari katika hati za kale haukuwa pambo tu, bali ulitokana na ncha bapa ya kalamu na jinsi mwandishi alivyoishika. Kuanzia mwaka 1899 aliifundisha taaluma hiyo mjini London, na mwaka 1906 alitoa kitabu kilichokuja kuwa msingi wa ufundi wa hati. Mwanafunzi wake, Anna Simons, alikitafsiri kwa Kijerumani mwaka 1910.

Wakati huo vituo vya reli ya chini ya ardhi vilikuwa vimejaa matangazo ya kila namna, hata abiria akapata taabu kulitambua jina la kituo miongoni mwa majina ya bidhaa. Frank Pick, aliyesimamia shughuli za biashara za kampuni ya reli hiyo, alitaka maandishi ya kampuni yatofautike na ya watangazaji. Alimwendea Johnston mwaka 1913, na herufi zikaanza kutumika mwaka 1916. Baadaye Johnston aliisanifu upya nembo ya duara lenye mstari uliokatiza katikati.

Kazi hiyo ilikuwa na kinaya ndani yake. Bingwa wa kalamu aliombwa abuni herufi zisizo na mabadiliko ya unene wala vikonyo vya kumalizia mistari. Johnston hakuiacha elimu yake. Aliirudia mizani ya herufi kubwa za Kirumi. Herufi O ikawa duara kamili, na unene wa mstari ukawa sehemu moja ya saba ya kimo cha herufi. Herufi ndogo l aliipinda chini ili isichanganywe na I kubwa wala tarakimu 1. Kama ilivyo kwa fonimu, herufi nazo hufanya kazi kwa kutofautiana, na abiria aliye mbioni hana muda wa kukisia. Nukta ya i aliichora kwa umbo la msambamba uliosimama kwa ncha, yaani alama ileile iachwayo na kalamu bapa inapogusa karatasi.

Herufi hizo zilikuwa mali ya kampuni, na haki hiyo ndiyo iliyoamua hatima ya jina la mbunifu. Eric Gill, aliyekuwa mwanafunzi wake na aliyeshiriki katika hatua za mwanzo za kazi hiyo, alibuni herufi zinazokaribiana nazo, nazo zikatolewa na kampuni ya Monotype mwaka 1928 kwa jina la Gill Sans. Kwa kuwa ziliuzwa kwa mchapishaji yeyote, zilienea upesi. Mwaka 1929 zikachukuliwa na kampuni nyingine ya reli, LNER. Hivyo jina la mwanafunzi likasambaa katika viwanda vya uchapaji, ilhali herufi za mwalimu zilibaki katika vituo vya London.

Johnston alifariki mwaka 1944 kijijini Ditchling. Hata hivyo, umiliki uliolificha jina lake ndio pia ulioihifadhi kazi yake. Mwaka 1979 Eiichi Kono, mbunifu kutoka Japani, alizirekebisha herufi hizo na kuziongezea viwango vya unene, kwani zile za awali hazikukidhi tena mahitaji ya uchapaji. Mwaka 2016, miaka mia moja baada ya kuanza kutumika, Monotype ilitoa toleo jipya lililorejesha baadhi ya sifa zilizopotea na kuongeza alama zinazohitajika katika mawasiliano ya kompyuta.

Kwa hiyo, thamani ya mbunifu wa herufi haipimwi kwa umaarufu wa jina lake pekee. Johnston alitoa herufi ambazo taasisi ilizifanya kuwa sauti yake, na kila msafiri anayeshuka katika kituo sahihi bila ya kuuliza njia ni ithibati ya kazi hiyo.