Bibi Munaku wa Buganda

Ninyi wakatekumeni wa vijiji vya Lubumbashi, wengi wenu mlifundishwa ishara ya msalaba na bibi ambaye sasa yu kaburini. Sikieni basi habari za bibi mwingine, asiyezaa mtoto.

Tarehe 31 Mei 1886, huko Mityana, Noa Mawaggali aliuawa kwa ajili ya dini. Dada yake Munaku alikuwa mkatekumeni tu, kama ninyi. Akajitokeza, akaomba auawe pia. Mkuu wa askari akamteka, akataka kumwoa. Akakataa, hata alipofungwa miguu katika mkatale. Padre Lourdel akamkomboa kwa kutoa bunduki. Mwaka uleule akabatizwa Maria Matilda, akakaa bikira, akiitumikia misioni hata uzeeni. Noa alitangazwa mtakatifu mwaka 1964.