Leopold wa Pili: mapumziko ya mfalme kando ya Mediterania, kwa pesa ya mpira wa Kongo

Kila mwaka watalii toka pande zote za dunia wanaenda kupumzika kusini ya Ufaransa, kando ya bahari ya Mediterania. Kati ya miji ya Nice na Monaco kuna rasi moja inaitwa Cap Ferrat. Ni pahali pa hoteli za bei kali, bustani na majumba ya matajiri. Mwaka 2019, jumba moja la pale, Villa Les Cèdres, liliuzwa kwa euro milioni 200. Zamani mwenye jumba hilo alikuwa mtu ambaye kila mwanafunzi wa Kongo anajua jina lake: Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji.

Mwana wa mfalme mwenye kutafuta koloni

Leopold alizaliwa Brussels tarehe 9 Aprili 1835. Akiwa angali kijana alisafiri sana: Misri, India, mpaka China. Kila alikofika alikuwa anaangalia jambo moja, namna nchi za Ulaya zinavyopata utajiri katika makoloni. Alipopata kiti cha ufalme Desemba 1865, Ubelgiji haikuwa na koloni hata moja, na serikali yake haikuitaka.

Basi alijitafutia mwenyewe. Mwaka 1876 aliita wataalamu wa jiografia Brussels, akasema anataka kusaidia Afrika na kumaliza biashara ya watumwa. Kisha akamtuma Stanley kwenye mto Kongo kujenga vituo na kuwekesha machifu alama kwenye mikataba ambayo hawakuweza kuisoma. Mwaka 1885, nyuma ya mkutano wa Berlin, mataifa makubwa yalimtambua kuwa mwenye nchi. Kongo haikuwa ya Ubelgiji. Ilikuwa yake mwenyewe, sawa shamba. Na mpaka kufa kwake hakukanyaga udongo wake hata siku moja.

Pesa ilitoka wapi

Mwanzo ilikuwa pembe za ndovu. Huku mashariki, vita ya 1892 mpaka 1894 dhidi ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili ilipiga Nyangwe na Kasongo. Pembe za Maniema ambazo zilikuwa zinaenda Zanzibar zikageuzwa njia, zikateremka mto kwenda Boma na kupakiwa kwa meli za Antwerp.

Kisha ukaja mpira. Ulaya na Marekani zilikuwa zinahitaji matairi ya baiskeli na ya magari. Kila kijiji kikapewa kipimo cha mpira wa pori cha kuleta. Kama hakikutimia, wanawake walifungwa mpaka waume zao warudi na mzigo. Wanaume walipigwa fimbo ya ngozi ya kiboko. Askari wa Force Publique walikata mikono ya watu ili kuonyesha wakubwa wao kwamba risasi hazikupotea bure. Kwa miaka ile watu mamilioni walikufa kwa risasi, njaa na magonjwa.

Mwaka 1896 Leopold alijitengea eneo la kwake pekee, kandokando ya ziwa linaloitwa leo Mai-Ndombe. Eneo lile lilikuwa kubwa kushinda Ubelgiji mara nyingi. Faida yake iliingia katika mfuko wake, na mfuko ule ndio ulijenga majumba Ubelgiji na kununua mashamba Ufaransa. Jules Marchal, balozi wa zamani wa Ubelgiji aliyegeuka mwanahistoria, alikadiria kwamba mfalme alipata katika Kongo faranga zisizopungua milioni 220 za wakati ule.

Wengine walilala hotelini, yeye alinunua udongo

Zamani zile matajiri hawakuenda Mediterania wakati wa joto kama leo. Walienda wakati wa baridi, kukimbia theluji ya kwao. Victoria, malkia wa Uingereza, alikuwa analala na watu wake katika hoteli Excelsior Regina, mjini Nice. Kampuni ya treni za kulala ya Mbelgiji Georges Nagelmackers, ambayo Leopold aliiunga mkono toka mwanzo, ilikuwa inaleta wageni mpaka pwani, na ndugu yake ya hoteli ikafungua Riviera Palace kwa kuwalaza.

Leopold hakutosheka na chumba cha hoteli. Alinunua vipande vya udongo Cap Ferrat, kimoja nyuma ya kingine, mpaka akawa na sehemu kubwa ya rasi. Villa Les Cèdres aliipata mwaka 1904, akapandisha miti ya nchi za joto katika bustani yake. Alitengenezesha pia kituo cha meli yake ya starehe, Alberta. Mzee yule mrefu mwenye ndevu nyeupe aliogopa mafua kushinda kitu chochote, na alipenda kutembea juu ya baiskeli ya magurudumu matatu. Karibu naye aliweka mpenzi wake Caroline, ambaye alikutana naye Paris mwaka 1900: msichana wa miaka 16, mfalme wa miaka 65.

Kumbuka tarehe. Mwaka ule ule wa 1904 alipopata Les Cèdres, konsuli wa Uingereza Roger Casement alitoa ripoti yake juu ya mateso ya wakaaji wa Kongo.

Mwisho wake

Mwaka 1908 lawama zilimshinda, akaachia Ubelgiji Kongo. Hakutoka mikono mitupu: Ubelgiji ilibeba madeni ya Kongo na kuahidi faranga milioni 50 kama shukrani kwake. Mbele ya kuachia, aliamuru hati za utawala wake zichomwe. Moto uliwaka Brussels siku nane.

Alikufa tarehe 17 Desemba 1909, siku chache tu nyuma ya kufunga ndoa ya kanisa na Caroline. Siku ya maziko, raia wake walimzomea njiani. Les Cèdres iliuzwa mwaka 1924 kwa familia Marnier-Lapostolle, watengenezaji wa kileo cha Grand Marnier. Karibu na hapo, Villefranche, jumba kubwa lililojengwa nyuma ya kifo chake kwenye udongo wake wa zamani lingali linaitwa La Leopolda.

Juni 2022 mfalme Philippe, ambaye ni wa ukoo wake, alifika Kinshasa, Lubumbashi na Bukavu. Alitamka majuto makubwa juu ya yaliyotendeka, lakini hakuomba msamaha rasmi. Desemba ya mwaka ule, tume ya bunge la Ubelgiji juu ya ukoloni ilifunga kazi bila kupatana juu ya neno hilo. Kama hata msamaha ulishindikana, habari ya kulipa fidia ingali mbali zaidi. Na bustani ya Cap Ferrat ni mali ya mtu binafsi mpaka leo.