Tabibu Aliyeandika Majina

Kambi yetu ya matibabu katika vijiji vya juu, kule upande wa milima ya Shimba, imekaribia. Tangu itangazwe, hapa Bongwe nasikia neno moja tu: mimi si daktari, nikienda huko nitafanya nini? Ni swali la haki. Ndiyo maana wiki hii nawaletea maisha ya daktari mmoja aliyelala zamani, Albert Ruskin Cook wa Mengo, Uganda.

Cook alizaliwa London mwaka 1870. Alisoma Cambridge, kisha udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's. Angeweza kubaki kwao akala vizuri na kuheshimiwa. Lakini mwaka 1896 alijitoa kwenda na wamisionari wa CMS, akashukia Mombasa, hapo hapo ng'ambo ya Likoni tunapovuka kila siku. Reli ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kujengwa, kwa hivyo safari ya bara ilikuwa ya miguu. Walitembea miezi kadhaa pamoja na wapagazi waliobeba mizigo, mpaka wakafika Mengo Februari 1897. Katika msafara huo alikuwamo muuguzi, Katharine Timpson. Yeye na Cook walioana mwaka 1900.

Hawakungoja jengo zuri. Mwezi ule ule waliofika, walianza kutibu watu. Hospitali ya kwanza ilikuwa ndogo, ya vifaa vya kienyeji, lakini wagonjwa walikuja. Kabla mwaka haujaisha, askari wa Kisudani waliasi, na Cook akaenda Busoga, kwenye ngome ya Luba, kuhudumia majeruhi. Hiyo nayo ilikuwa kambi ya matibabu, ila ya kwake ilikuwa na risasi. Mmisionari mwenzake, George Pilkington, aliuawa huko Desemba 1897. Cook hakufunga mizigo kurudi Uingereza. Mwaka 1904 tulimkuta tena safarini, amepanda kaskazini mpaka nchi ya Waacholi.

Majaribu hayakuisha. Ndugu yake Jack, daktari pia, alikuja kumsaidia, na mwaka 1901 wawili hao wakatambua kwamba ugonjwa wa malale umeingia Uganda. Ugonjwa ule uliua watu zaidi ya laki mbili kandokando ya Ziwa Victoria. Mwaka uliofuata radi ikapiga hospitali ya Mengo, ikateketea. Wapo ambao wangesema Mungu amefunga mlango. Wao walijenga upya kwa matofali, na mwaka 1904 hospitali ikafunguliwa tena.

Sasa wapendwa, nisikilizeni hapa. Pamoja na kupasua na kutoa dawa, Cook alikuwa anaandika. Mgonjwa akilazwa, daftari linaandikwa: anaitwa nani, anatoka wapi, anaumwa nini, ametibiwaje, ameondoka katika hali gani. Kazi hiyo ilianza 1897 na ikaendelea miaka na miaka. Madaftari hayo yamehifadhiwa Chuo Kikuu cha Makerere, katika maktaba yenye jina lake. Mwaka 1964, miaka 13 baada ya kifo chake, madaktari walichapisha uchunguzi kuhusu saratani katika Uganda kuanzia 1897 hadi 1956, na walichokuwa wanasoma ni kumbukumbu za Mengo. Watu waliozikwa kitambo walikuwa bado wanawasaidia walio hai, kwa sababu kuna mtu alichukua kalamu akawaandika.

Mimi kwenye kambi yetu iliyopita nilikaa meza ya mlangoni, nikiandika majina. Nyanya mmoja alipimwa presha ikawa juu sana, akapewa vidonge vya siku chache. Na nyote mnajua, dawa ya presha haimalizi ugonjwa. Vidonge vikiisha, presha inapanda tena. Lakini jina lake, boma lake na nambari ya simu ya mjukuu wake vilikuwa kwenye daftari. Baada ya wiki mbili vijana wetu wawili walirudi kule juu na pikipiki, wakamkuta, wakampeleka dispensari, na sasa anapata dawa kila mwezi. Vijana wale si madaktari. Siku hiyo hiyo kuna baba aliyepatikana na sukari, na karatasi yake ilikuwa na jina moja tu, bila boma wala simu. Vijana waliuliza nyumba hata nyumba. Mpaka leo hatujampata.

Tofauti ya wawili hao haikuletwa na dawa. Dawa zilitoka sanduku moja.

Cook alilijua jambo hili, kwamba daktari mmoja hatoshi. Mwaka 1917 Mengo ilianzisha shule ya kufundisha Waafrika kuwa wasaidizi wa matibabu. Mama Katharine alifundisha wakunga, na shule yao ikafunguliwa rasmi mwaka 1921. Mume na mke waliandika pamoja kitabu cha ukunga kwa Kiganda, ili binti wa kijijini asome kwa lugha ya mamake. Kazi ikawa ya wengi.

Mwaka 1932 alipewa cheo cha heshima na mfalme wa Uingereza. Alistaafu 1934, lakini hakurudi kwao. Katharine alilala 1938, na yeye 1951, huko huko Uganda walikotembea kwa miguu kufika.

Ninapomfikiria Cook, namkumbuka Luka. Yeye naye alikuwa tabibu, na akachukua kalamu akaandika mambo kwa taratibu. Ni Luka peke yake anayetusimulia habari za Msamaria mwema. Tukihubiri habari ile tunapenda mafuta na divai, yaani ile huduma ya barabarani. Tunasahau kwamba yule mtu alimfikisha majeruhi mahali pa kulala, akalipa, na akaahidi kurudi.

Basi Jumapili hii baada ya ibada daftari la kujitolea litakuwa mezani. Madaktari na wauguzi tunao. Tunaotafuta ni wenye mwandiko unaosomeka, wanaojua Kidigo na Kiduruma vizuri, wenye pikipiki, na hasa watu watakaokubali kupanda tena kule juu wiki mbili baadaye, wakati hakuna hema wala wageni. Watakaokuja kutibiwa ni jirani zetu wote, wa kanisa na wa msikiti, na fomu haiulizi dini. Inauliza jina kamili, boma, na simu ya mtu wa karibu. Tafadhali msiache hata nafasi moja wazi.