Paul Ehrlich: Kutoka Rangi hadi Kingamwili

Katika maabara za hospitali kubwa za leo, mtaalamu anayetaka kubaini aina ya saratani ya damu huchukua sampuli ya damu au uboho wa mgonjwa, kisha huitia kingamwili iliyotengenezwa ili kukamata kitu kimoja tu: kimeng'enya kiitwacho mieloperoksidesi. Kimeng'enya hiki hupatikana kwa wingi ndani ya seli nyeupe za damu ziitwazo neutrofili, nacho huzisaidia kuua bakteria. Kingamwili ikishikamana nacho, rangi hujitokeza, na mtaalamu hupata ushahidi mzito kwamba saratani hiyo imezuka katika ukoo wa seli hizo wala si katika ukoo wa limfosaiti. Maadamu matibabu ya aina hizo mbili hutofautiana, rangi hiyo ndogo yaweza kuamua hatima ya mtu.

Kipimo hicho kimejengwa juu ya nguzo tatu: rangi, seli nyeupe na kingamwili. Zote tatu zilipitia mikononi mwa mtu mmoja aliyefariki miaka mingi kabla ya kipimo chenyewe kubuniwa. Mtu huyo ni Paul Ehrlich. Makala haya yanasimulia maisha yake na kuonyesha jinsi swali moja lilivyomwongoza tangu ujana hadi kaburini: kwa nini kitu fulani hukishika hiki na kukiacha kile?

Ehrlich alizaliwa tarehe 14 Machi 1854 katika mji mdogo wa Strehlen, eneo la Silesia, ambao siku hizi huitwa Strzelin na umo nchini Poland. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Babake alikuwa na nyumba ya wageni na alitengeneza vileo. Aliyemwonyesha njia ni jamaa wa upande wa mamake, Karl Weigert, mwanapatholojia aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutumia rangi za viwandani katika uchunguzi wa tishu za mwili. Enzi hizo viwanda vya Ujerumani vilikuwa vikitengeneza rangi za nguo kutokana na lami ya makaa ya mawe. Wengine waliziona kuwa bidhaa za sokoni. Kijana Ehrlich aliziona kuwa maswali: ikiwa rangi moja huingia katika seli hii na kuikwepa ile iliyo jirani yake, basi bila shaka kuna jambo katika seli hiyo linaloialika.

Mwaka 1878 alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Leipzig kwa tasnifu iliyohusu nadharia na matumizi ya kutia tishu rangi. Baadaye alifanya kazi katika hospitali ya Charité, Berlin, chini ya Profesa Theodor Frerichs, aliyempa uhuru wa kutafiti. Hapo ndipo alipoanza kuzipambanua seli nyeupe za damu, ambazo hapo awali zilikuwa vigumu kutofautishwa chini ya hadubini. Aligundua kwamba nyingine zilivutiwa na rangi za asidi kama eosini, nyingine na rangi za besi, na nyingine na mchanganyiko usioegemea upande wowote. Majina eosinofili, basofili na neutrofili yalitokana na tabia hizo. Mwanafunzi wa lugha atavutiwa kujua kwamba kiambishi cha mwisho katika majina hayo kimetoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya kupenda. Kwa hivyo seli zilipewa majina kwa kile zinachokipenda.

Safari yake haikuwa na tambarare tupu. Frerichs alifariki mwaka 1885, na mkuu mpya hakumpa Ehrlich nafasi kama ile ya awali. Mwaka 1888 Ehrlich aliugua kifua kikuu, ugonjwa uleule ambao mwaka 1882 alikuwa ameboresha njia ya kutia rangi bakteria wake mara tu baada ya Robert Koch kutangaza kuwagundua. Alikwenda Misri pamoja na mkewe, Hedwig, kutafuta hewa kavu. Aliporejea Berlin mwaka 1889 hakuwa na kazi. Si muda mrefu baadaye, Koch alimkaribisha katika taasisi yake.

Huko alifanya majaribio ambayo yafaa kukumbukwa. Aliwalisha panya kiasi kidogo sana cha risini, sumu itokanayo na mbegu za mbarika, akaongeza kipimo hicho polepole. Hatimaye panya hao walistahimili kiasi ambacho kingewaua wenzao. Hata hivyo, kinga yao ilikuwa ya risini pekee. Walipopewa abrini, sumu ya mmea mwingine, walidhurika kama panya wa kawaida. Naam, lile swali la rangi lilikuwa limerudi kwa sura mpya. Kitu kilichokuwa ndani ya damu ya panya kilimtambua adui mmoja na kumpuuza mwingine.

Katika makala yake ya mwaka 1891 kuhusu kinga, Ehrlich alitumia neno la Kijerumani Antikörper, linaloaminika kuwa chanzo cha istilahi tunayoiita kingamwili. Neno hilo halikupokelewa papo hapo. Liliishi pamoja na maneno mengine kwa muda kabla ya kushika. Istilahi ya Kiswahili nayo imechukua njia yake. Neno la Ehrlich liliunganisha maana ya kupinga na maana ya kitu chenye umbo. Kiswahili kimeunganisha kinga na mwili, kikaweka mkazo katika kulinda kuliko kupigana. Ni kinga ileile tunayoikuta katika neno UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini.

Wakati huo dondakoo lilikuwa likiwaua watoto wengi barani Ulaya. Mwaka 1890 Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba seramu ya mnyama aliyepata kinga yaweza kumkinga mwingine. Tatizo ni kwamba nguvu ya seramu ilibadilikabadilika. Daktari hakujua kama alichokidunga kingetosha. Ehrlich alibuni njia ya kuipima, na mwaka 1897 akachapisha kipimo sanifu kilichotegemewa baadaye. Behring alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1901 peke yake, na uhusiano wao ukaingia doa.

Mwaka uo huo wa 1897 Ehrlich alieleza nadharia ya minyororo ya pembeni. Alidai kwamba seli ina vipokezi vinavyolingana na sumu kama kufuli na ufunguo, tashbihi aliyoiazima kutoka kwa Emil Fischer, ambaye mwaka 1894 aliitumia kueleza vimeng'enya. Seli ikishambuliwa, huzalisha vipokezi vya ziada na kuviachilia damuni. Hivyo ndivyo kingamwili. Nadharia hiyo ilikuwa na mapengo na ilipingwa vikali, lakini wazo la kwamba mwili huchagua kutoka kwa kile ulichonacho tayari lilifufuliwa kwa umbo jipya katika miaka ya 1950. Mwaka 1908 alitunukiwa Nobel pamoja na Ilya Metchnikoff, aliyetetea nafasi ya seli zinazomeza vijidudu.

Hapa ndipo historia yake inapoligusa Ziwa Victoria. Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale uliangamiza umati wa watu kandokando ya ziwa hilo. Mnamo 1906 na 1907 Koch aliwatibu wagonjwa katika visiwa vya Sese, Uganda, kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Vimelea vilitoweka damuni kwa muda, lakini baadhi ya wagonjwa walipofuka. Dawa ilikuwa imemshika adui na jicho la mgonjwa kwa pamoja. Mwaka 1907 Ehrlich na Alfred Bertheim walieleza muundo sahihi wa atoksili, na kwa kuwa sasa muundo ulijulikana, uliweza kubadilishwa. Wakatengeneza mamia ya michanganyiko wakitafuta ile ambayo ingeua kimelea na kumwacha mtu.

Mwaka 1909 Sahachiro Hata, mtafiti kutoka Japani, alionyesha kwamba mchanganyiko wenye nambari 606 uliponya sungura waliokuwa na kaswende. Dawa hiyo ilitangazwa mwaka 1910 na kuuzwa kwa jina la Salvarsan. Ilikuwa dawa ya kwanza kutengenezwa kwa kemia mahsusi dhidi ya kaswende. Hata hivyo, ilikuwa na aseniki, ilikuwa ngumu kuiandaa, na wapo waliodhurika. Ehrlich alishutumiwa hadharani, na mwaka 1914 alitoa ushahidi mahakamani mjini Frankfurt, ambapo aliyemchafulia jina alihukumiwa. Mwaka huohuo alitia sahihi tamko la wasomi wa Kijerumani lililotetea vita vya nchi yao, doa ambalo mwandishi wa maisha yake hapaswi kulifunika. Alifariki tarehe 20 Agosti 1915 huko Bad Homburg. Baadaye utawala wa Kinazi uliliondoa jina lake barabarani, na mjane wake akalazimika kuihama Ujerumani.

Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein waligundua, huko Cambridge, njia ya kuzalisha kingamwili za aina moja tupu kwa wingi. Ni njia hiyo iliyowezesha maabara kumiliki kingamwili inayokitafuta kimeng'enya kimoja ndani ya neutrofili, seli ambayo Ehrlich aliipa jina kwa sababu ya rangi iliyoipenda.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Nambari 606 ni ushahidi wa methali hiyo. Lakini subira peke yake haielezi ukubwa wa Ehrlich, kwani wapo wengi waliosubiri na wasipate. Yeye aliipima dawa kwa mizani miwili kwa pamoja: inamuua nani, na inamwacha nani. Wagonjwa wa Sese waliopoteza macho walikuwa wamekwisha kuonyesha gharama ya kuutazama mzani mmoja tu.