Bruce Lee: Aliasi mila ya kungfu, mizizi ikambakia

WAHENGA walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Maisha ya Bruce Lee, mwigizaji na gwiji wa kungfu aliyeaga dunia zaidi ya nusu karne iliyopita, yanautia usemi huo katika mizani. Alikosoa hadharani ukale wa sanaa za mapigano, akabuni njia yake mwenyewe, kisha akahofia njia hiyo isije ikageuka kuwa mila nyingine. Hata hivyo, aliyeichunguza ngumi yake kwa makini aliwaona walimu wa kale nyuma yake.

Wasomaji waliokua katika miaka ya sabini na themanini wanamkumbuka kwa filamu zake, ambazo ziliwafanya vijana watoke sinema wakirusha mateke hewani. Lakini sinema ilikuwa kilele tu cha safari iliyoanza mbali.

Lee alizaliwa Novemba 27, 1940 katika mtaa wa Wachina jijini San Francisco, Marekani, ambako babake, Lee Hoi-chuen, mwigizaji wa opera ya Kikantoni, alikuwa ziarani na kundi lake. Mamake, Grace Ho, alikuwa na damu ya Kizungu katika ukoo wake. Mnamo 1941 familia ilirejea Hong Kong, na Desemba mwaka uo huo majeshi ya Japani yakaivamia koloni hiyo ya Uingereza.

Mtoto huyo alianza kuigiza mapema. Kufikia umri wa miaka 18 alikuwa ameonekana katika filamu zipatazo 20. Nje ya kamera, hata hivyo, alikuwa mtukutu asiyeogopa ugomvi wa vichochoroni. Babake alikuwa amemwonjesha taichi, lakini mwendo wake wa polepole haukumridhisha kijana aliyetaka silaha ya kumfaa siku hiyo hiyo.

Akiwa na umri wa miaka 13 hivi, alipiga hodi kwa Ip Man, mwalimu wa mtindo uitwao Wing Chun. Ip Man alizaliwa mwaka wa 1893 mjini Foshan, kusini mwa Uchina, akahamia Hong Kong baada ya Wakomunisti kutwaa mamlaka mwaka wa 1949. Huko alianza kuwafundisha wafanyakazi wa mikahawa ili apate riziki.

Masimulizi ya jadi husema kuwa Wing Chun ulibuniwa na mtawa wa kike wa Shaolin, Ng Mui, aliyemfundisha msichana Yim Wing-chun ili ajinasue kutoka kwa mwanamume aliyetaka kumwoa kwa nguvu. Hiyo ni hadithi. Lililo wazi zaidi ni kwamba katika karne ya 19 mtindo huo ulikuwa ukifundishwa Foshan na tabibu wa mitishamba, Leung Jan. Mwanafunzi wake, Chan Wah-shun, ndiye aliyekuja kumfundisha Ip Man.

Wing Chun haupendi madoido. Mpiganaji huulinda mstari wa kati wa mwili wake na kuushambulia ule wa mpinzani, kwa kuwa njia iliyonyooka ndiyo fupi. Mkono mmoja ukizuia, mwingine hupiga papo hapo. Wanafunzi hukutanisha mikono na kuizungusha bila kuachana, hadi ngozi ijifunze kuhisi nia ya mpinzani kabla jicho halijaiona. Mbali na hayo, hujinoa kwa kupiga gogo lililochomekwa mikono ya mbao.

Lee aliyanywa mafunzo hayo kwa pupa, akisaidiwa na mwanafunzi mwenziwe aliyemtangulia, Wong Shun-leung. Mnamo 1958 alishinda ndondi za shule za Hong Kong, na mwaka huo huo akatwaa ubingwa wa kusakata dansi ya cha-cha. Lakini ugomvi wa mitaani haukukoma. Wazazi wake, wakihofia angeishia mikononi mwa polisi au pabaya zaidi, walimpandisha meli kuelekea Marekani mwaka wa 1959 akiwa na dola 100 mfukoni.

Jijini Seattle alihudumu mkahawani huku akisoma, na mwaka wa 1961 akajiunga na Chuo Kikuu cha Washington. Huko alivutiwa na falsafa, hasa ya Kitao, inayofunza kuwa kilaini hukishinda kigumu. Aidha, alianza kufundisha kungfu bila kubagua rangi. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa Mmarekani mweusi, Jesse Glover. Agosti 1964 Lee alifunga ndoa na Linda Emery, mwanafunzi wake chuoni.

Pigano lililomgeuza mawazo lilifanyika faraghani mjini Oakland mwishoni mwa mwaka huo, dhidi ya Wong Jack-man, bingwa wa kungfu ya kaskazini. Linda alishikilia kuwa chanzo kilikuwa hasira ya Wachina waliopinga siri zao kufunzwa wageni, dai ambalo Wong alilikana. Hata muda wa pigano lenyewe ungali na utata: upande mmoja husema dakika tatu, mwingine zaidi ya 20. Lakini Lee hakusherehekea ushindi aliodai. Alikuwa ametweta, na ngumi zake za Wing Chun zilikuwa zimetatizika kumpata mpinzani aliyerudi nyuma na kukimbia.

Hapo ndipo uasi ulipoanza. Lee alianza kuujenga mwili wake upya kwa mbio na vyuma. Alichunguza filamu za mabondia, hasa Muhammad Ali, akaiga wepesi wa miguu. Katika mchezo wa vitara alichota mbinu ya kumchoma adui angali anajiandaa kushambulia. Mwaka wa 1967 aliipa njia yake jina la Jeet Kune Do, maana yake njia ya ngumi inayokatiza.

Je, alikuwa ameiacha mila? Miguu ilikuwa ya bondia na umbali ulikuwa wa mchezaji wa vitara. Lakini ngumi iliyonyooka, ulinzi wa mstari wa kati, na kanuni ya kuzuia na kupiga kwa pigo moja zilikuwa za Ip Man. Hata fikra ya kutofungwa na umbo lolote ilitoka kwa wahenga wa Kitao. Alichotupa ni utiifu wa kipofu, si urithi.

Mwaka wa 1970 alizifunga shule zake za Seattle, Oakland na Los Angeles, akihofia wanafunzi wangeichukua njia yake kama ukweli wote. Mwaka huo huo aliumia mgongo vibaya akinyanyua vyuma, akalazimika kupumzika kwa miezi. Katika kipindi hicho alijaza madaftari kwa maandishi ambayo yalitolewa kitabuni mwaka wa 1975, akiwa kaburini.

Hollywood ilipomnyima nafasi kubwa, alirejea Hong Kong na kutikisa sinema kwa The Big Boss (1971) na Fist of Fury (1972). Katika The Way of the Dragon (1972), aliyoiongoza mwenyewe, somo lake liko wazi. Anapambana na Chuck Norris katika ukumbi wa kale wa Colosseum jijini Rome, akilemewa mwanzoni hadi anapobadilisha mwendo na kuanza kuruka-ruka kama bondia.

Ip Man alifariki Desemba 1972. Miezi saba baadaye, Julai 20, 1973, mwanafunzi wake alimfuata, akiwa na umri wa miaka 32 tu, kwa kuvimba ubongo. Uchunguzi rasmi ulihusisha kifo hicho na dawa ya kutuliza maumivu. Enter the Dragon, filamu iliyomfanya nyota wa dunia, ilizinduliwa Marekani mwezi uliofuata. Alizikwa Seattle.

Baada ya mazishi, lile alilohofia lilitokea. Baadhi ya wafuasi walishikilia kuwa Jeet Kune Do ni yale tu aliyofunza kwa mkono wake, yahifadhiwe bila kuguswa. Wengine, wakiongozwa na mwanafunzi wake Dan Inosanto, walishikilia kuwa kumuenzi ni kuendelea kutafuta, hata katika sanaa za Ufilipino na kwingineko. Aliyeasi mila aliacha mila, na warithi wake wakaachiwa swali lile lile alilotoka nalo Oakland: kipi cha kushika, na kipi cha kuacha.