Charles Sutherland Elton

Charles Sutherland Elton (29 Machi 1900 – 1 Mei 1991) alikuwa mwanazoolojia na mwanaekolojia kutoka Uingereza. Anahesabiwa kati ya waanzilishi wa ekolojia ya wanyama na wa utafiti wa spishi vamizi, yaani viumbe waliopelekwa na binadamu mahali pasipo pa asili yao, wakaongezeka mno na kuwadhuru viumbe wa asili.

Maisha

Alizaliwa mjini Manchester. Baba yake, Oliver Elton, alikuwa profesa wa fasihi ya Kiingereza. Kaka yake Geoffrey ndiye aliyemtia moyo kuchunguza wanyama porini. Alisoma zoolojia katika Chuo Kikuu cha Oxford, ambako Julian Huxley alikuwa mwalimu wake, akahitimu mwaka 1922.

Mwaka 1921 alishiriki katika msafara wa kwenda Spitsbergen, visiwa vya Aktiki. Kwa kuwa huko kuna spishi chache, ilikuwa rahisi kuona nani anamla nani. Katika kitabu chake *Animal Ecology* (1927) alieleza mnyororo wa chakula, piramidi ya idadi na nafasi ya kila kiumbe katika mazingira yake. Mambo hayo bado hufundishwa katika somo la biolojia.

Mwaka 1932 alianzisha huko Oxford ofisi ya utafiti wa idadi ya wanyama, akaiongoza hadi alipostaafu mwaka 1967. Mwaka 1937 alimwoa mshairi Edith Joy Scovell, wakapata watoto wawili. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ofisi yake ilitafuta njia za kupambana na panya na sungura waliokuwa wakiharibu chakula.

Utafiti wa spishi vamizi

Mwaka 1958 alitoa kitabu *The Ecology of Invasions by Animals and Plants*, kilichotokana kwa sehemu na mazungumzo yake ya redioni. Humo alisimulia jinsi panya-maji watano kutoka Amerika Kaskazini walivyoachiliwa karibu na Prague mwaka 1905, wakazaana hadi kufikia mamilioni. Alieleza pia jinsi mbu wa malaria kutoka Afrika alivyofika Brazil mnamo 1930. Maelfu ya watu walikufa kabla mbu huyo hajaangamizwa huko kwa kampeni kubwa.

Elton aliona kwamba ni heri kumzuia mgeni bandarini au kumwondoa akiwa bado mchache. Alihimiza pia kuhifadhi aina nyingi za mimea na wanyama, hata kandokando ya mashamba na barabara, kwani aliamini kuwa mazingira yenye spishi nyingi huvamiwa kwa shida zaidi.

Urithi

Matukio mengi yamehusishwa na mafundisho yake. Katika kisiwa cha Guam, nyoka wa miti aliyefika na mizigo baada ya vita aliangamiza karibu ndege wote wa asili wa msituni. Huko Florida, Marekani, chatu wa Burma walioletwa kama wanyama wa kufugwa nyumbani walitoroka au kuachiliwa, wakaenea katika mabwawa ya Everglades na kupunguza sana mamalia. Walileta pia vimelea vya mapafu kutoka Asia, ambavyo sasa hupatikana katika nyoka wa asili wa Florida. Hivyo anayemwachilia nyoka wa kigeni kwa huruma anaweza kuwaua nyoka wa asili. Katika Ziwa Viktoria, sangara aliyepandikizwa katika miaka ya 1950 aliwaletea watu kipato, lakini alichangia kutoweka kwa spishi nyingi za furu.

Baadhi ya wataalamu wamemkosoa Elton kwa kutumia lugha ya vita, wakisema si kila kiumbe mgeni huleta madhara. Wengine wanapinga wazo lake kwamba wingi wa spishi huzuia uvamizi. Hata hivyo, kitabu chake cha 1958 bado ni msingi wa utafiti katika fani hiyo.